Usiku Babu Alipobatiza Nyumba

Nyumbani kwetu Babu ana miaka minne. Jina lake la ubatizo ni la marehemu baba yangu, kama ilivyo desturi yetu Wachaga kwa mtoto wa kwanza wa kiume, na kwa kuwa ulimi ulikuwa mzito kulitaja jina la mzee kavu kavu, tangu alipotoka hospitali tulimwita Babu. Mama yangu akishuka kutoka Machame kuja kututembelea Dar es Salaam humwita "mume wangu", na mnofu wa kwanza unaotoka chunguni ni wake. Dada mtu, mwenye miaka minane, humwita Babu hata wanapogombea rimoti.

Kisa chenyewe kilianzia kanisani, juma alilobatizwa mdogo wao wa miezi mitatu.

Siku moja kabla ya ubatizo, mchungaji alitukalisha wazazi na wadhamini kwenye semina fupi. Mimi nimezaliwa katika Ulutheri na kukulia humo, lakini siku hiyo nilisikia mambo mawili mapya. Alituambia kwamba mwaka 1522 Martin Luther, akiwa hata hajaoa, aliandika kijitabu kuhusu maisha ya ndoa, na humo akamtetea mwanamume anayefua nepi za mtoto wake. Majirani wanaweza kumcheka, ila Mungu na malaika wote wanamtazama kwa furaha, kwa kuwa kazi ile anaifanya kwa imani. Akina baba tulitazamana. Kisha akatueleza habari za Katekisimu Ndogo. Luther aliitoa mwaka 1529, baada ya kuzunguka sharika za Saksonia na kukuta watu hawajui hata misingi ya imani yao. Juu ya kila sehemu kuu aliandika kwamba hivi ndivyo mwenye nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake, kwa maneno mepesi. Mwaka huohuo yeye mwenyewe alikuwa na mtoto wa kiume anayekaribia miaka mitatu, na mwezi Mei akazaliwa binti. Kitabu tulichokariri sote kwa ajili ya kipaimara kilitoka katika nyumba yenye nepi kambani.

Jumapili, mchungaji alipomtaja binti yetu jina na kumwagia maji kichwani mara tatu, Babu alikuwa amesimama juu ya benchi apate kuona vizuri. Hakupepesa macho. Kwenye daladala, tukirudi, akamvuta mama yake mkono.

"Mama, kabla ya leo mtoto hakuwa na jina?"

"Alikuwa nalo. Leo ametajwa mbele za Mungu kwa jina lake."

Akanyamaza mpaka kituoni. Nilidhani amesinzia. Kumbe alikuwa anawahesabu wasio na majina.

Jumuiya yetu ya sala hukutana kila Jumamosi saa 12:30 asubuhi, nyumba kwa nyumba, kwa zamu, na wiki ile zamu ilikuwa yetu. Maji yalikatika tangu Jumatano. Ijumaa mke wangu alinunua madumu sita, akayagawa kama mtu anayegawa dawa: haya ya chai, haya ya kupikia, haya ya kuogeshea watoto, ndoo mbili za kudeki sebule. Mama alikaa jikoni akikanda unga wa maandazi. Dada mtu alipanga viti vya plastiki tulivyoazima, akavipanga tena. Mimi nilitafuta kitabu.

Kitabu hicho ni Katekisimu ya baba yangu, ile aliyokuwa nayo darasa la kipaimara. Ni ya zamani kuliko Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lenyewe, kwa maana ilichapwa kabla makanisa saba ya Kilutheri hayajaungana mwaka 1963. Ukurasa wa kwanza aliandika jina lake kwa wino wa bluu, herufi zimelala upande mmoja, na huo ndio mwandiko wake pekee uliobaki mikononi mwangu. Nilitaka asubuhi ile nisome sehemu ya nne, ya ubatizo, kutoka kwenye kitabu chake. Nikakitia kwenye mkoba pamoja na Biblia, nikauweka mkoba chini, kando ya kochi, ili asubuhi nisihangaike.

Wakati huo Babu alikuwa bafuni. Hakuna aliyemwona. Baadaye tuliweza kuyasoma matendo yake kutokana na alichokiacha: beseni la bluu tunalomwogeshea mtoto mchanga, limewekwa sawasawa chini ya bomba, taulo jeupe limetandikwa sakafuni kama kitambaa cha madhabahuni, na juu ya taulo, kwa mstari, wanasesere wawili wa dada yake, dubu mmoja mwenye sikio moja, gari la zimamoto na kandambili ya mguu wa kushoto. Akalifungua bomba mpaka mwisho. Likakohoa hewa, halikutoa kitu. Akangoja. Mama yake akamwita kula. Akaenda kula, akalala, bomba liko wazi.

Saa 9 usiku mtoto mchanga alilia. Zamu ya chupa ya maji ya moto ilikuwa yangu. Nikashusha mguu kitandani, nikakanyaga maji.

Mara ya kwanza akili haikukubali. Nilishusha na wa pili. Maji yalifika kwenye kifundo. Kwenye giza nilisikia sauti ambayo kwa siku tatu tulikuwa tunaiombea, sauti ya bomba linalotiririka kwa nguvu zote.

"Usiende sebuleni!" mke wangu alinishika fulana. "Ekstensheni iko chini. Zima meni swichi kwanza!"

Nikazima. Nikawasha tochi ya simu. Gari la zimamoto lilikuja likielea kwenye korido, likanigonga mguu, likapita. Bafuni, taulo jeupe lilikuwa limesombwa mpaka kwenye tundu la kutolea maji, likaliziba kabisa kama kizibo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Nikafunga bomba, nikalivuta taulo, na maji yakaanza kunung'unika yakishuka. Sebuleni zulia lilikuwa limekunywa mpaka likashiba. Viti vya plastiki vilisimama ndani ya maji, vyote kumi na vinane, vikingoja wageni.

Nikaukumbuka mkoba.

Biblia ilikuwa juu, ilipona nusu. Katekisimu ilikuwa chini kabisa. Nikaifungua ukurasa wa kwanza mbele ya tochi. Wino wa bluu ulikuwa umetawanyika ukawa kama wingu dogo, na ndani ya wingu lile hapakuwa na herufi hata moja. Jina la baba yangu lilikuwa limeondoka.

Wakati huo Babu akatokea mlangoni, kwa nguo ya kulalia, miguu majini, macho yamejaa usingizi na furaha.

"Baba! Maji yamekuja!"

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikulisikia neno lile kama lilivyotamkwa. Mtoto alikuwa ananiletea habari njema. Mimi nilikuwa nimeshika kitabu kinachochuruzika, na yaliyonitoka nayaandika hapa kama yalivyotoka, kwa sababu kuyapamba itakuwa kosa la pili. Nilimwambia, "Wewe huna adabu hata kidogo. Jina la baba yangu nilikupa bure."

Hakulia. Alinitazama, akamtazama bibi yake aliyekuwa amekuja nyuma yake na taa, kisha akatazama maji. Mama akamwinua bila neno, akaondoka naye.

Tukafanya kazi. Mke wangu alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akachukua ufagio wa chelewa, akawa anayasukuma maji kuelekea mlangoni. Dada mtu aliyazoa kwa sufuria ndogo akimimina ndooni, na kila ndoo ikijaa naitoa nje. Kwa kuwa maji yalikuwa yamekuja na hatukujua yatakaa mpaka lini, tulijaza pia madumu yote sita, na mke wangu akasema nepi zote zifuliwe sasa hivi. Kwa hiyo saa 11 alfajiri nilikuwa nimechuchumaa uani mbele ya beseni, nikifua nepi kwa tochi ya simu iliyoegeshwa kwenye tofali. Nikayakumbuka maneno ya semina, yale ya malaika wanaotazama kwa furaha. Nilijua kwamba Luther alimsemea mtu anayefua kwa imani, na mimi nilikuwa ninafua kwa hasira, nikizikamua nepi kana kwamba ndizo zilizonikosea.

Mzee jirani yetu alikuwa anarudi kutoka msikitini kwa swala ya alfajiri, akakuta mto unatoka chini ya geti letu.

"Hodi! Kuna usalama humo?"

"Shikamoo mzee. Bomba liliachwa wazi."

"Marahaba. Poleni sana." Hakuuliza zaidi. Alishika ncha moja ya zulia, mimi nyingine, tukalitoa zito kama ng'ombe tukalitupa juu ya ukuta. Akaenda kwake, akarudi na mikeka miwili mikubwa. "Wageni wenu wa sala wanakuja leo, si ndiyo? Wakae hapa chini ya mwembe. Pakavu."

Mama alitoka jikoni akijifuta unga mikononi. Harufu ya maandazi ilikuwa imeanza, maana yeye tangu saa 10 alikuwa amerudi kwenye karai lake kama vile usiku ulikuwa wa kawaida. Akasimama karibu yangu mpaka nikainua uso.

"Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Ya kwetu tumeyazoa, mwanangu, ndoo kwa ndoo. Sasa kazoe neno lako."

"Nitazungumza naye, Mama. Jumuiya ikiisha."

Hakunijibu. Akarudi kwenye maandazi.

Saa 12:30 walifika. "Bwana Yesu asifiwe!" "Amina!" Akina mama walivua viatu, wakakaa kwenye mikeka, wazee wakakaa vitini, na kila aliyeingia alilitazama zulia ukutani akasema pole. Nilieleza kwa kifupi. Niliwaonyesha na kitabu, nikasema kwamba nilikusudia kusoma sehemu ya ubatizo kwa kuwa ndiyo wiki ya mtoto wetu, lakini kurasa zimegandana.

Mzee wa kanisa, ambaye ni mwalimu mstaafu, alikipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga. Akakigeuza, akakiweka juani kwenye kiti kitupu.

"Kitabu kiacheni kikauke," akasema. "Hapa nani hakupita kipaimara?"

Akauliza swali kama alivyoulizwa yeye zamani darasani: kubatizwa huku kwa maji kuna maana gani? Na uani kwetu, chini ya mwembe, watu kama kumi na watano wakaanza kujibu kwa pamoja. Mama mmoja aliruka neno, mzee mmoja akalidaka. Kijana wa mwisho kupata kipaimara alikuwa mwepesi kuliko wote. Walisema kwamba utu wa kale ulio ndani yetu unapaswa kuzamishwa kwa majuto na toba kila siku, ufe pamoja na dhambi zake, na kwamba kila siku mtu mpya atoke na kusimama. Mama yangu alikuwa mlangoni na sinia la maandazi, naye midomo ilikuwa inacheza. Maneno yale aliyajua pamoja na baba. Kitabu kililowa, lakini maneno hayakulowa.

Niliyakariri nikiwa na miaka kumi na minne, mbele ya mchungaji mkali, na sikukosa hata moja. Asubuhi ile ndipo niliposikia "kila siku". Nilikuwa nimeuweka ubatizo wangu mahali pa mbali, pamoja na cheti chake, ndani ya bahasha. Ubatizo wa binti yangu niliuona kama jambo la Jumapili iliyopita, lenye keki na picha. Na utu huo wa kale ulikuwa umesimama sebuleni kwangu saa 9 usiku, na tochi mkononi, ukimnyang'anya mtoto jina.

Mzee wa kanisa aliposema tusimame kwa maombi, niliinuka nikaingia ndani.

Babu alikuwa kwenye kitanda cha bibi yake, ameketi katikati, magoti kidevuni. Mbele yake alikuwa amewapanga upya wanasesere, na dubu, na gari la zimamoto. Kandambili haikuonekana. Nilipiga magoti sakafuni, kwenye saruji iliyokuwa bado na unyevu, macho yangu yakawa sawa na yake.

Aliniwahi.

"Baba, mimi sasa naitwa nani?"

Tangu saa 9 usiku mtoto wa miaka minne alikuwa amekaa na swali hilo. Watu wazima tulikuwa tunazoa maji.

"Unaitwa jina lako," nikamwambia. Nikamtaja jina lake lote, la ubatizo, la kwangu, la ukoo, polepole, kama alivyotajwa siku ile alipobebwa mbele ya madhabahu. "Hilo ni lako. Hakuna anayeweza kulichukua, hata mimi. Baba alikosa usiku. Alisema neno baya ambalo si kweli. Naomba unisamehe."

Mama yake amewafundisha kujibu. "Nimekusamehe," akasema, kwa sauti ileile anayomjibu dada yake. Halafu akaniangalia kwa makini. "Kwa hiyo bado mimi ni Babu?"

"Bado wewe ni Babu."

Akashusha magoti. Nikamuuliza alikuwa anafanya nini bafuni, na kwa mara ya kwanza nikangoja jibu. Akaniambia kwamba wale hawakuwa na majina. Dada ana jina, mtoto ana jina, yeye ana jina la babu, lakini dubu anaitwa dubu tu na gari linaitwa gari. Alitaka nao watajwe mbele za Mungu. Maji yakakataa kutoka. Alikuwa anayangoja.

Sikupata la kusema. Nilimbeba nikatoka naye uani, na jumuiya ilikuwa inamalizia sala. Bibi yake alipomwona alisema tu, "Mume wangu, njoo unywe chai," akampa andazi la kwanza. Mzee jirani alikuwa amealikwa kwenye chai, naye akampa Babu mkono kama mtu mzima. Watu waliimba, wakatoa sadaka, wakabeba kila mmoja kiti au ndoo, na ilipofika saa 3 sebule ilikuwa kavu kuliko ilivyokuwa wiki nzima.

Watu wenye watoto wadogo hulalamika, nami nimelalamika, kwamba hatuna nafasi ya Mungu. Sala inakatizwa na kilio, Biblia inachorwa kalamu ya rangi, mahubiri tunayasikilizia nje ya dirisha la kanisa huku tunambembeleza mtoto. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inamwagiza mzazi awafundishe watoto wake akiwa ameketi nyumbani, akiwa njiani, akilala na akiamka. Kila nafasi iliyotajwa hapo ni ya nyumbani na njiani. Nilikuwa naidhani ni orodha ya vipindi ambavyo mimi ni mwalimu. Sasa najua kwamba katika nyumba yangu mtoto alilichukulia kwa uzito jambo aliloliona kanisani kuliko nilivyolichukulia mimi niliyelipia picha. Alikwenda nalo nyumbani, akalifungulia bomba.

Tangu siku ile tuna utaratibu. Kabla ya sala ya jioni, ile fupi iliyomo kwenye Katekisimu, aliyemkosea mwenzake leo anasema, na baba hana msamaha wa kutosema. Siku nyingine ni jambo la rimoti. Siku nyingine ni mimi, na sauti yangu niliyoipandisha asubuhi nikitafuta funguo. Haichukui dakika tano. Tunazamishwa kidogo, tunatoka, tunalala.

Kitabu kilikaa juani siku nne. Dada mtu alizitenganisha kurasa kwa kisu cha siagi, mmoja baada ya mwingine, na Babu alipewa kazi ya kupuliza. Zimejikunja kama mawimbi, jalada halifungi tena, lakini zinasomeka zote isipokuwa ule wa kwanza wenye wingu la bluu. Jumapili iliyofuata, baada ya chakula, nilichukua kalamu nikaliandika jina upya, juu ya wingu lilelile. Babu alikuwa amesimama kando, kidevu mezani.

"Hilo la babu au langu?"

"Lenu wote wawili."

Akalitazama kwa muda mrefu. Akapuliza wino mpaka akaridhika umekauka. Kisha akashuka, akaenda bafuni kuhakikisha bomba limefungwa.